Bloki ya Honda ya zamani usiitupe kabla hujaipima

Bloki ya pikipiki ya baba, yaani silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, ilikaa miaka miwili chini ya kitanda changu ikiwa imefungwa kwenye gunia, kwa sababu fundi mmoja aliitazama kwa macho akasema imekwisha. Hakuipima. Aliingiza kidole ndani, akakizungusha, akatikisa kichwa. Nami nilimwamini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Baba alikuwa bwana shamba Kilosa, na aliinunua kwenye mnada baada ya idara kuichoka. Imebeba mbegu, dawa za kunyunyizia, wagonjwa, hata jeneza dogo mara moja. Baba aliponiachia ilikuwa inakula oili. Ukiiwasha asubuhi, moshi wa bluu unatanda uani, plagi inatoka nyeusi na imelowa, na kwenye vilima vya barabara ya Mikumi lazima urudi gia ya pili pale ambapo zamani ya tatu ilitosha.

Fundi yule alinipa ushauri ambao wengi wenu mmeshausikia: "Bloki mpya za CG zimejaa mjini, za nini kujisumbua?" Na kweli zimejaa. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 waliitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi ambako watu wanachelewa kubadilisha oili na hawana muda na matengenezo. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa kwa fimbo badala ya mnyororo wa kamshafti ulioko juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Wachina wakaiiga injini ile, na leo bodaboda nyingi tunazopanda ni wajukuu wake. Kwa hiyo mwenye CG ya zamani ana bahati ambayo mwenye pikipiki nyingine ya umri huo hana, maana spea ziko kila kona. Lakini bahati hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tutupe vitu vizuri.

Nilinunua bloki mpya na pistoni yake, ikafungwa siku ile ile, nikafurahi. Haikumaliza mwaka. Moshi ukarudi, safari hii na mlio wa pistoni kugonga pembeni injini ikiwa baridi. Sehemu ya lawama naibeba mwenyewe, kwa kuwa kichujio cha hewa kilikuwa kimechakaa na sikukibadilisha, na vumbi la Kilosa likichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa. Lakini vumbi hilo hilo liliipitia bloki ya baba kwa zaidi ya miaka 20. Nilipokuja kuzipima zote mbili, ile mpya ilikuwa imelika karibu sawa na ile kuukuu. Moshi huo uliorudi ndio ulionifanya nilifungue gunia.

Nimeamini jambo moja na ninalisema kwa uzito: kwa pikipiki ya zamani, bloki ya asili ichongwe kwanza, yaani shimo lake litanuliwe kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, na kubadilisha kuje baadaye kabisa. Silinda imeundwa ikiwa na akiba ndani yake. Ya CG inaanza na kipenyo cha milimita 56.50, na Honda walitengeneza pistoni za ovasaizi, yaani zilizozidi saizi hiyo kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Yaani waliounda injini hii walijua ukuta utalika, wakauachia unene wa kuchongwa mara nne. Anayeitupa bloki iliyolika mara ya kwanza anatupa maisha manne. Hata ukifika ngazi ya mwisho, silinda inakuwa 57.50, injini inasogea kutoka cc 124 hadi kama 128, na hakuna kingine cha maana kinachobadilika, wala kabureta huna haja ya kuigusa.

Ila uamuzi uje baada ya kipimo. Kwanza hakikisha ugonjwa uko kwenye silinda. Ukishuka mlima mrefu huku umeachia mafuta, halafu ukivuta tena ndipo linatoka wingu la moshi, shuku gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu zinateleza. Jaribio la zamani bado ni zuri: pima kompresheni, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi (pete zinazoizunguka pistoni) na ukuta wa silinda ndio wanaovujisha. Isipopanda, fungua hedi uangalie valvu kabla hujaisingizia bloki.

Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu hapo moto unaisukuma ringi ukutani kwa nguvu, oili ni nyembamba, na pistoni inasimama kidogo kabla ya kurudi. Tena inalika zaidi upande wa mbele na wa nyuma kuliko kulia na kushoto, kwa kuwa pistoni inasukumwa kuelekea huko. Shimo linakuwa na umbo la yai na linakuwa pana juu kuliko chini. Kidole hakiwezi kukuambia hayo. Mwenye geji ya silinda anapima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana.

Kama huna geji, kuna njia ambayo nilifundishwa na mzee mmoja mkerezaji wa Gerezani, Dar es Salaam, na ninaipenda kwa sababu inahitaji ringi mpya na fila geji tu, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya. Ingiza ringi chini kabisa ya silinda, ambako ringi hazifiki, uinyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, kisha pima mwanya wake. Halafu ipandishe hadi pale juu palipolika zaidi, upime tena. Toa kile cha chini kwenye kile cha juu, gawanya kwa 3.14. Kwangu mwanya ulikuwa 0.25 chini na 0.63 juu. Tofauti ni 0.38, ukigawanya unapata 0.12. Silinda ya CG mwisho wake ni 56.60, maana yake umeruhusiwa kulika 0.10 tu. Bloki ya baba ilikuwa imepita kikomo kwa sehemu mbili za mia za milimita. Hiyo ndiyo "imekwisha" niliyoambiwa.

Nilipompelekea mzee yule bloki, baada ya shikamoo swali lake la kwanza lilikuwa, "Pistoni iko wapi?" Nikamwambia sijanunua, nasubiri achonge kwanza. "Nenda kanunue, kijana. Mimi sichongi shimo la pistoni nisiyoiona."

Ana haki. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.25 zinaweza kutofautiana, hasa zikitoka viwanda viwili. Mchongaji makini anaipima pistoni uliyomletea kwa maikromita, anachonga hadi abakishe kidogo sana, kisha anamalizia kwa mawe ya honi, yaani ya kusugulia, mpaka nafasi kati ya pistoni na ukuta ifike sehemu chache za mia za milimita. Mawe hayo ndiyo yanayoacha mikwaruzo iliyokatana kama wavu, ambayo inashika oili wakati ringi mpya zinakaa. Ukirudishiwa ukuta unaong'aa kama kioo, usiupokee.

Kwa hiyo nilizunguka Kariakoo. Maduka mengi yalikuwa na 0.50 na 1.00, na kila muuzaji alinishauri nichukue 1.00 "umalize kabisa". Ni ushauri mbaya mno. Kuruka hadi ngazi ya mwisho wakati ya kwanza inatosha ni kuchoma akiba. Nilisubiri wiki tatu hadi 0.25 ikapatikana. Jumla ya pistoni, ringi na kazi ya kuchonga ilinifikia karibu sawa na bei ya ile bloki mpya, basi sitakudanganya kwamba utaokoa fedha siku hiyo hiyo.

Mwingine alinishawishi nifunge bloki ya 150, yenye shimo la milimita 62. Kwa hilo mdomo wa kesi ya injini unatanuliwa, na chuma kilichoondolewa kwenye kesi hakirudi. Kwa pikipiki ya kazi ya siku hizi, fanya upendavyo. Kwa Honda iliyobaki kama ilivyotoka Japani, naona ni dhambi.

Zipo bloki ambazo hata mimi ningezibadilisha. Iliyopasuka, hapana. Iliyokwisha chongwa hadi 1.00, angalia juu ya pistoni kama namba imegongwa pale. Kwenye BSA na Triumph za Uingereza utaona 020, 040 au 060, maana wao wanahesabu kwa elfu za inchi. Bloki iliyofika mwisho wa kuchongwa bado inaweza kuwekewa slivu mpya, yaani bomba la chuma la ndani ambalo pistoni inateleza humo: inapashwa moto, slivu ya zamani inatolewa, mpya inaingizwa na kuchongwa hadi saizi ya kuanzia. Kwa pikipiki adimu isiyo na bloki mpya popote, slivu ni ukombozi. Na kama silinda yako ni ya alumini iliyopakwa Nikasil, utando mgumu wa nikeli, isiguswe na mchongaji wa kawaida, kwa kuwa utando ule ni mwembamba na ukikatwa umekwisha. Injini za tustroku, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, nazo zina jambo lake: baada ya kuchonga, kingo za matundu ya ukutani lazima zilainishwe, la sivyo ringi inanasa na kuvunjika.

Jambo moja limeua silinda nyingi zilizochongwa vizuri, nalo ni kuosha kwa petroli. Petroli inaondoa mafuta na kuacha unga wa mawe kwenye mikwaruzo. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, kausha, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka cha kijivu, rudia. Mimi nilirudia mara tano.

Nilibadilisha kichujio cha hewa, nikaifunga bloki ya baba mahali pake, nikaenda kilomita 500 za kwanza bila mzigo na bila kuivuta sana, nikamwaga oili mapema. Masika ya mwaka huu imepita Mikumi kwa gia ya tatu ikiwa na gunia la mahindi nyuma. Imebakiwa na ngazi tatu. Pistoni ya zamani, ile iliyotoka kiwandani na injini, baba aliiomba. Ameiweka dirishani pa chumba chake, karibu na redio.