Umeme wa jua kutoka angani: "mara 12 hadi 80" inasema nini hasa?

Januari 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu umeme wa jua unaozalishwa angani, na tangu hapo mjadala umeng'ang'ania takwimu moja: umeme huo ungegharimu mara 12 hadi 80 kuliko wa upepo, maji, nyuklia au paneli za ardhini. Wengi wakahitimisha kwamba wazo la mhandisi Peter Glaser la mwaka 1968, la setelaiti kukusanya jua na kuliteremsha kwa mawimbi ya maikrowevu hadi kwenye antena ardhini, limezikwa. Ripoti hiyo imesomwa nusu.

Tukiri kwanza uzito wa hoja za wanaopinga. Kati ya miundo miwili ya mtambo wa gigawati 2 iliyochunguzwa, ule wa bei nafuu una uzito wa takriban tani 5,900, na kuupeleka juu kunahitaji safari zaidi ya 2,000 za roketi, nyingi zikiwa za kubeba mafuta tu. Wakati huohuo betri na paneli zinazidi kushuka bei bila kumsubiri mtu.

Lakini hebu tuifungue bei ya umeme wa muundo huo: senti 61 za dola kwa yuniti. Takriban asilimia 70 yake ni nauli ya roketi. Kwa hiyo kinachoitwa udhaifu wa umeme wa angani kwa sehemu kubwa ni ughali wa usafiri, na usafiri huo ndio uliobadilika kuliko kitu kingine chochote: enzi za Space Shuttle kilo moja ilikadiriwa kugharimu zaidi ya dola 50,000, na Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ikaishusha hadi chini ya 3,000. NASA yenyewe ilipiga hesabu upya. Ukipunguza nauli kwa nusu, ukatumia injini za umeme kupandisha mzigo hadi obiti ya juu (njia ya mbali ya kuizunguka dunia), vifaa vikadumu miaka 15 badala ya 10, na utengenezaji na huduma za ukarabati zikawa nafuu zaidi, bei inaanguka chini ya senti 10. Ni kweli, hesabu ya mwanzo tayari ilichukua nauli ya dola 1,000 kwa kilo, ambayo ni nafuu kuliko ya Falcon 9. Ndiyo maana sisemi kesho.

Kuna jambo jingine linalorukwa. Yuniti ya saa sita mchana na yuniti ya usiku wa Januari huko Ulaya hazina thamani moja, na muundo huo wa senti 61 ungefanya kazi asilimia 99 ya mwaka. Si ajabu Shirika la Anga la Ulaya likaidhinisha utafiti wake, SOLARIS, Novemba 2022. Kwetu karibu na ikweta hoja hii inapungua nguvu: betri ina usiku mmoja tu wa kuvuka, si majira mazima.

Upande wa vitendo bado ni mdogo sana. Mwaka 2023 kifaa cha Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, kikiwa angani kiliwasha taa mbili za LED zilizokuwa umbali wa kama sentimita 30, na mawimbi yake yakanaswa juu ya paa la chuo huko Pasadena. Yalinaswa tu, hakuna balbu iliyowaka duniani. Kwa hatua hii fedha za umma ziende kwenye maabara na majaribio ya kilowati chache, yakipimwa kuanzia paneli ya juu hadi waya wa chini, kabla ya yeyote kuahidi megawati kwenye gridi.