Silingi mpya kwenye pikapu ya zamani: hela inakwenda wapi?

Pita Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, wakati magunia ya dagaa yanapakiwa, utaona Hilux za miaka ya 1990 bado ziko kazini. Nyingi zina ugonjwa mmoja: kitambaa cha silingi, yaani dari la ndani ya kabini, kimeachia, kinaning'inia hadi kumgusa dereva kichwani. Wenye magari hawakubaliani kuhusu dawa yake. Kuna wanaosema gari la kazi halihitaji mapambo, hela ikipatikana iende kwenye breki, bushi na tairi. Na kuna wanaosema mtu anayeshinda ndani ya kabini tangu alfajiri hawezi kuambiwa kuwa hali ya kabini si muhimu. Nionavyo mimi, wote wanabishania kitambaa, na jambo la kulipia liko nyuma ya kitambaa.

Hoja ya wanaobana matumizi ina uzito, tusiidharau. Pikapu haiingizi hela kwa uzuri wa ndani. Mteja anayekodi kutoka Igoma hadi Magu anauliza bei, na anauliza kama gari litafika. Siku ya kuuza, dalali anaanza na injini, chesisi na kadi ya gari. Silingi safi itampendeza, lakini hela uliyoweka humo hairudi yote. Tena gari lililopambwa ndani siku chache kabla ya kuuzwa linastahili kutiliwa shaka: kapeti jipya linafunika sakafu iliyoliwa na kutu, na leza (ngozi ya kufunikia) mpya mlangoni inaficha hadibodi, ubao mwembamba wa paneli, iliyovimba kwa maji. Mnunuzi mzoefu akiona kabini inang'aa kwenye gari la mwaka 1995, anainua kwanza pembe ya kapeti.

Wanapokosea ni pale wanapoiweka silingi kwenye fungu moja na stika za vioo na manyoya ya dashibodi. (Kuhusu manyoya ya dashibodi niko upande wao kabisa. Yanameza vumbi la Kwimba na hayalirudishi.)

Silingi ya kubandikwa ina tabaka tatu: bodi iliyofinyangwa kufuata umbo la paa, sponji nyembamba ya milimita chache, na kitambaa. Kitambaa mara nyingi bado ni kizima. Kilichokufa ni sponji, kwa sababu joto na unyevu vinaivunja polepole hadi inageuka unga, na hapo kitambaa hakina tena cha kushikilia. Mwanza vyote viwili vipo kwa wingi: jua la karibu na ikweta, masika na vuli, na hewa ya ziwa. Paa la chuma la rangi nyeusi likiachwa juani linaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na ile sponji iko chini yake tu. Unga wake unamwagika machoni kila gari likiruka shimo. Kitambaa kikiteremka upande wa nyuma kinaziba kinachoonekana kwenye kioo cha kati, dereva anabaki kukisia kinachoendelea nyuma yake. Hapo hatuzungumzii tena urembo.

Wengine wanamaliza ugomvi kwa kuchana kila kitu na kubaki na chuma kitupu. Ni bure, lakini saa nane mchana kabini inakuwa tanuri, na mvua ikinyesha hamsikilizani.

Wengine wanapiga pini au stepla, au wanaingiza gundi kati ya kitambaa na bodi. Gundi hiyo haidumu kwa sababu inashika unga wa sponji, haishiki bodi. Kazi yenyewe inataka bodi itolewe nje, sponji ya zamani ikwanguliwe yote, gundi inayostahimili joto ipakwe pande zote mbili na iachwe ikauke kiasi, halafu kitambaa kipya chenye sponji yake kilazwe kuanzia katikati kuelekea pembeni. Gundi ya kawaida ya viatu inalainika paa likichemka, na baada ya kiangazi kimoja umerudi ulikoanzia. Sehemu inayochosha ni kukwangua, na ndiyo fundi mwenye haraka anayoiruka. Simama pale. Akianza kupaka gundi juu ya unga, mzuie. Baadhi ya pikapu kongwe zaidi hazina bodi kabisa, zina reksini (ngozi ya bandia) iliyotandazwa juu ya nyaya. Hiyo haibandikwi, inakatwa na kushonwa upya, na inahitaji fundi wa siti anayeijua.

Sasa bodi ikiwa nje, ndipo ninapoachana na wale wa upande wa pili pia. Wao wakishakubaliana na fundi, wanataka kitambaa kirudi jioni hiyo hiyo. Lakini hiyo ndiyo nafasi adimu ya kuliona paa kwa ndani. Angalia michirizi ya maji inayotoka kwenye raba ya kioo cha mbele, kwenye tundu la antena, kwenye maungio ya mifereji ya paa. Angalia waya za taa ya ndani, kama mtu aliwahi kuziunga kwa kuzisokota tu na kuzifunga selotepu. Kutu iliyoanza kama doa inakwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Ukiifunika kwa kitambaa kizuri inaendelea kula chuma bila mtu kuiona.

Milango nayo ina siri yake. Nyuma ya paneli kiwandani waliweka karatasi ya nailoni. Maji ya mvua yanayopita kando ya kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasiguse hadibodi. Miaka yote hii, kila fundi aliyetengeneza kitasa au mashine ya kioo aliichana, na wengi hawakuirudisha. Ukivalisha paneli leza mpya bila kurudisha nailoni na bila kuzibua vile vitundu, umenunua miezi michache tu. Nailoni yenyewe ni kitu cha bei ndogo sana katika kazi nzima, na sijui kwa nini watu hugombea rangi ya uzi na kuisahau.

Sakafuni sina mashaka: gari linalobeba dagaa au samaki lisiwekewe kapeti la manyoya. Maji ya viatu na harufu vinaingia kwenye sponji ya chini na havitoki, na unyevu unakaa juu ya chuma. Mpira wa sakafu unaofutika kwa tambara unafaa zaidi, japo hauna sura ya kifahari. Kwenye siti uamuzi ni mgumu. Leza inafutika kirahisi lakini inaunguza mapaja mchana, kitambaa kinapumua lakini kinakumbuka kila gunia lililowahi kuegemezwa. Mwenye gari la familia na mwenye gari la mwaloni si lazima wajibu sawa.

Kuna jambo moja ambalo pande zote hulipita. Vitambaa vya magari hupimwa namna vinavyoshika moto. Marekani, kanuni iliyoanza mwaka 1972 inataka mwako usizidi milimita 102 kwa dakika kwenye vifaa vya ndani ya gari. Kitambaa cha masofa kilichokatwa dukani kwa sababu rangi yake inapendeza hakikutengenezwa kwa kipimo hicho, na kinawekwa pale pale zinapopita waya za taa. Ulizia kitambaa cha magari hata kama ni ghali zaidi. Na kwa pikapu za miaka ya 2000 kuendelea, hakikisha kwanza kama zina mifuko ya hewa pembeni mwa paa au ubavuni mwa siti. Mfuko ulioshonewa leza juu yake unaweza kushindwa kufunguka siku unapohitajika.

Lipo pia suala la nani anaamua. Pikapu nyingi za hapa zinaendeshwa kwa hesabu: dereva anapeleka fedha kwa tajiri, tajiri anagharamia matengenezo. Anayekaa chini ya ile silingi siye mwenye pochi, na mwenye pochi huliona gari likiwa limeegeshwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea dereva wa Sengerema saa za kusubiri kivuko ndani ya kabini ya moto, lakini safari za siku nzima zimebaki pale pale. Ndiyo maana siamini sana neno "anasa" likitoka kwa mtu ambaye hakai humo. Tajiri anayeona gharama ni kubwa anaweza kugawa kazi: mwezi huu raba ya kioo, kutu na silingi, siti zisubiri baada ya tairi. Dereva anayetaka mshono wa rangi mbili na taa za buluu miguuni, hizo alipe mwenyewe.