Hudut si supu

Mwandishi wa makala yenu ya vyakula vya Belize, kule Amerika ya Kati, amevitaja vizuri, ila kuiita hudut "supu ya samaki na ndizi" kaipunja. Hudut ni zile ndizi zenyewe: mbichi na mbivu zinachemshwa, kisha zinatwangwa kwenye kinu cha mti mpaka zinavutika kama ugali laini. Yule samaki wa tui la nazi ndiye sere. Unamega tonge, unachovya. Nilikula Dangriga, mji wa pwani ya Belize, kwa mama mmoja wa Kigarifuna (watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi). Kila mara alilowesha mchi ili ndizi zisigande.

Na muhogo mchungu mbona hamkuugusa? Wagarifuna wanaukuna, wanaukamua maji yenye sumu kwa mfuko mrefu wa kusuka, ruguma (watu wa pwani wafikirie kifumbu kilichorefuka kama chatu), ndipo unaokwa ukawa mkate mkavu, ereba. Huo unakaa wiki na wiki.

Kinywaji cha mwani nacho wanakitia maziwa, mdalasini na kungumanga. Mwani tunaulima Jambiani miaka yote, lakini kuunywa baridi kwenye bilauri... mimi niliishia nusu.