Mwingi ni 'much', mingi ni 'many'

Kuna lawama ya siku nyingi kwamba sisi watu wa Mombasa Kiingereza hakitupandi kwa sababu Kiswahili kimetukolea mno. Ushahidi unaoletwa ni ule ule: "many furnitures", "much people", "advices". Naona Kiswahili kinasingiziwa bure. Kwenye maneno ya idadi na kiasi, lugha yetu ingetubeba vizuri sana lau walimu wangeiruhusu iingie darasani, badala ya kumkabidhi mtoto orodha ndefu ya nomino zisizohesabika na kumwambia akariri.

Chukua mchele. Hakuna mtu Marikiti anayesema "michele mingi" akiliona gunia limejaa. Husema mchele mwingi. Miti ndiyo huwa mingi. Unga ni mwingi, chakula ni kingi, jasho ni jingi. Vitu ni vingi, watu ni wengi, matofali ni mengi. Kinachofanyika hapo ni hiki: kitu kisichohesabika kinabaki katika umoja, na -ingi inafuata umoja huo. Kinachohesabika kinahamia wingi. Hiyo ndiyo sheria yote ya "much" na "many", na mtoto wa Majengo anaijua kabla hajaanza chekechea. Mwingi, kingi na jingi ni "much". Mingi, vingi na wengi ni "many".

Mbona basi tunakosea? Kwa sababu kuna mahali ambapo Kiswahili kinaificha sheria hiyo. Ngeli ya N haitofautishi umbo: sukari nyingi, nyumba nyingi. Vimiminika vya MA navyo vinajifanya wingi: maji mengi, mafuta mengi, maziwa mengi, sawa kabisa na maembe mengi. Ukitafsiri "nyingi" au "mengi" bila kuuliza ni ya namna gani, utaangukia "many" hata kwenye sukari.

Dawa yake iko papo hapo. Geuza kutoka wingi kwenda uchache. Utasema sukari kidogo, nyumba chache. Maji kidogo, maembe machache. "Maji machache" hayasemwi na mtu aliyezaliwa na lugha hii. Kwa hiyo likikubali -chache, ni "many" na "few". Likitaka kidogo, ni "much" na "little". Sijawahi kuona kitabu cha Kiingereza cha shule kikianzia hapa.

Kipimo hiki nacho kina mwisho wake. Taarifa chache tunasema, fanicha chache tunasema, vifaa vichache na mizigo michache pia, lakini Kiingereza kimekataa katakata kuhesabu "information", "furniture", "equipment" na "luggage". Nywele nazo, na kazi za nyumbani za shule. Hapo hakuna ujanja, ni kukariri. Angalau orodha sasa imekuwa fupi, nayo ina sababu: ni yale maneno ambayo lugha mbili zimetofautiana kweli, si mchanganyiko wa kila kitu kuanzia maji hadi mchanga.

Na Kiingereza kikikataa kuhesabu kitu, hudai kipimo: "a piece of advice", "a loaf of bread", "a bar of soap". Walimu huleta jambo hili kana kwamba ni maajabu ya Ulaya. Kwa watu gani? Mtaa wa Biashara kanga huuzwa kwa doti na kitambaa kwa jora. Sabuni ya kufulia ina mche, kuni zina tita, samaki wana mtungo, ndizi zina mkungu na ndani ya mkungu kuna chane. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Aliyekulia kwenye maneno haya hawezi kushindwa na "loaf". Tena sheria yenyewe inalegea panapostahili. Mkahawani unaweza kuagiza "two coffees" na usiwe umekosea lolote, kwa kuwa kila mtu anajua unahesabu vikombe.

Hayo yote, kusema kweli, ni makosa yasiyoumiza. Ukiandika "informations" utachekwa kidogo lakini utaeleweka. Kosa ninaloliogopa ni jingine, nalo halipigiwi kelele kwa sababu sentensi yake inaonekana safi.

Kijana mmoja jirani yangu anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kontena la mteja wa ng'ambo lilikwama kwa sababu ya hati. Kijana, kwa heshima zote, akaandika: "There are few problems with your documents." Kichwani mwake alikuwa amesema kuna matatizo kadhaa kwenye hati zako, yashughulikie. Mteja alisoma kwamba matatizo ni karibu hakuna. Akajibu kwa shukrani, akatulia. Kontena likaendelea kukaa, gharama za kuhifadhi zikaendelea kupanda, na waliposemezana kwa simu hatimaye kila mmoja alimwona mwenzake mjeuri. Kijana alikuwa akishika ile barua na kusema, "Si nilimwambia?" Na kweli alimwambia, ila kinyume chake.

Kilichopungua ni "a". "A few problems" yanakiri kwamba matatizo yapo. "Few problems" yanasema ni haba, hayafiki hata pa kuhesabu. Ni hivyo hivyo kwa "a little time", muda upo kidogo, na "little time", muda karibu umekwisha. Sisi tofauti hii tunaijua, ila tunaibeba kwa njia nyingine. "Walikuja wachache" si sawa na "ni wachache tu waliokuja". Ile ya pili ina masikitiko ndani yake, na hiyo ndiyo "few" bila "a". Mwalimu akieleza kwa sentensi hizo mbili, darasa zima litaelewa kabla ya kengele.

Kisha kuna mitego ya juu yake. "Only a few" ina "a" lakini inarudi upande wa uhaba. "Quite a few" inasikika kama uchache, kumbe ni wengi wa kutosha. Ushauri wangu kwa mtu anayeandika barua za kazi ni kuiacha "few" tupu kabisa. Ukitaka kusema si mengi, andika "not many". Matatizo yakiwa matatu, andika "three". Hakuna mteja atakayeisoma tatu vibaya.

"Too" nayo tunaitumia kama "sana", wakati ni "mno". Muongoza watalii anayesifu hifadhi ya bahari kwa "too many fish" analalamika bila kujua. Kuhusu "every" sina la kusema, maana kila huchukua umoja kwetu kama kwao: kila mtu, kila siku. Anayeandika "every students" asikitaje Kiswahili kabisa.

Limebaki la "less" na "fewer", ambalo wapenda sarufi hulipigania hadi jasho jingi liwatoke. Wanasema "less" ni ya visivyohesabika na "fewer" ni ya vinavyohesabika. Sawa, ila Waingereza wenyewe walitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika tangu enzi za Mfalme Alfred, karne ya 9, na aliyeanza kupendelea "fewer" kwa maandishi ni mwandishi wa mambo ya lugha Robert Baker, mwaka 1770, akieleza ladha yake tu. Ladha hiyo ikageuka amri. Mwaka 2008 duka la Tesco huko Uingereza lilichoka na ugomvi wa kibao cha foleni ya wenye bidhaa chache, kilichosema "10 items or less", likaandika "Up to 10 items", likaendelea na biashara. Na umbali, muda na pesa hubaki kwa "less" hata vikiwa na namba: maji ya kuvuka Likoni ni "less than one kilometre", na hakuna Mwingereza atakayesema "fewer".

Mtihani ukitaka "fewer people", mtoto aandike hivyo achukue alama yake. Lakini kalamu nyekundu ikiwa mkononi mwangu, "less people" ningeipita, nikazungushia "few problems" mara mbili.