Mbona Sioni Mizigo?

Wiki iliyopita nilimwonyesha mjomba wangu video ya Everest kwenye simu. Mjomba ni mgumu mstaafu. Kama hujui, huku kwetu chini ya Kilimanjaro wapagazi wa mlimani tunawaita wagumu, na jina hilo hawakupewa bure. Amepanda njia ya Marangu na ya Machame mara ambazo hata yeye ameacha kuzihesabu, na magoti yake sasa yanamdai deni lote kwa mkupuo.

Video yenyewe ni ile waliyoitoa DJI mwaka 2024, Wachina wanaotengeneza droni. Inaanzia kambi ya chini, mahema yametapakaa kwenye kokoto kama punje za mahindi zilizomwagika, inapanda juu ya maporomoko ya barafu ya Khumbu, inapita kambi moja baada ya nyingine, inawakuta wapandaji wamejipanga kwenye kamba kama siafu, halafu hicho hapo kilele, mita 8,848.86. Dakika nne hivi. Nilikuwa nimeshaitazama kama mara kumi, na kila mara mwili ulinisisimka.

Mjomba aliitazama hadi mwisho bila kusema neno. Akanirudishia simu.

"Nzuri," akasema. "Lakini mbona sioni mizigo?"

"Mizigo gani, mjomba?"

"Hayo mahema yalipanda huko yenyewe?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, na linanikera kwa sababu mimi mwenyewe nala kwa droni. Narusha kwenye harusi na sendofu, narusha juu ya mashamba ya kahawa, narushia hoteli zinazotaka bwawa la kuogelea liwe mbele na Kibo kiwe nyuma. Mlimani penyewe nimerusha safari moja tu, nikiwa chini ya watu waliokuwa na kibali cha hifadhi, maana bila kibali hairuhusiwi. Usiku pale kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, nililala na betri sita ndani ya slipingi begi, nimezikumbatia kama mama na mtoto mchanga. Zikipoa tu, umekwisha. Asubuhi nikapaisha, nikaona asilimia zinashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Lakini kilichobaki moyoni si baridi. Mkubwa wa ule msafara wa picha, jina namhifadhi, alitaka picha ya mteja wake akitembea peke yake ukingoni. Tatizo likawa wagumu. Kila nikipaisha, wanatokea: mmoja na meza kichwani, mmoja na mtungi wa gesi, mmoja na begi la huyohuyo mteja anayetembea "peke yake". Nikaambiwa nisubiri wapite. Nikasubiri. Betri mbili zikaishia kwenye kusubiri. Mwishoni tukapata picha tupu, safi, mtu mmoja na mlima wake, na kila aliyeiona ameisifia. Mimi ndiye niliyeirusha, kwa hiyo usidhani namsema mtu mwingine.

Ndiyo maana siku hizi nikiona video za milima mirefu naanza kutafuta kilichoondolewa. Nyingi zimeshafanana: droni inatoka nyuma ya mwamba, jua linachomoza, mtu mdogo kama sisimizi, muziki unapanda. Ukizima sauti huwezi kujua kama ni Nepal, Pakistani au Patagonia. Na zote zina ulaini fulani ambao mlimani haupo. Aliyewahi kupanda zaidi ya mita 5,000 anajua kwamba kule unaishi kwa pumzi, hatua moja pumzi mbili, kichwa kinagonga, uji haushuki. Droni haihemi. Inapita pale mtu anapokata roho ikiwa imetulia kama boti kwenye ziwa.

Ingawa kusema kweli nayo inahangaika, ila huoni. Kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, iko mita 5,364, na hewa ya pale ni kama nusu ya hewa ya Dar. Kileleni ni kama theluthi moja. Droni inaelea kwa kuisukuma hewa chini kwa mapanga yake. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga lazima yazunguke kwa kasi zaidi ili kupata nguvu ileile, na betri inakwisha mapema. Ongeza baridi, ambayo inazubaisha kemikali ndani ya betri. Ongeza upepo. Mavic 3 ambayo wengi wetu tunaijua, mwongozo wake unasema isipaishwe kutoka mahali palipozidi mita 6,000. Kwa hiyo anayeipeleka hadi kileleni si mtoto wa kuchezea rimoti. Ni fundi, tena amevua glavu moja kwenye baridi ile ili vidole vifanye kazi. Heshima yake nampa.

Sasa nieleze kwa nini bado naitetea.

Julai 2018, kwenye Broad Peak ya Pakistani, mita 8,051, Mskoti Rick Allen alikuwa amepanda peke yake akaanguka. Wenzake walishamhesabu ni marehemu. Jirani, kwenye kambi ya K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, kulikuwa na ndugu wawili kutoka Poland: Andrzej Bargiel, aliyekuja kushuka K2 kwa skii, na Bartek, mdogo wake, mtu wa droni, aliyekuja kumpiga picha kaka yake. Mpishi wa kambini ndiye aliyeona kitu kisicho cha kawaida juu kule. Naomba ulizingatie hilo: mpishi. Bartek akapaisha droni yake ya picha, ikaenda hadi pale, ikamkuta Allen yu hai. Waokoaji wakaelekezwa alipo, akashushwa. Siku chache baadaye, tarehe 22 Julai, Andrzej akashuka K2 yote kwa skii, wa kwanza duniani, na droni ileile ya mdogo wake ikimsaidia kusoma njia. Allen aliishi miaka mitatu mingine, akafa kwa maporomoko ya theluji kwenye K2 hiyohiyo mwaka 2021. Mlima ukishakupenda haukuachi.

Ndugu hao hawakuishia hapo. Septemba 2025 Andrzej alipanda Everest bila oksijeni ya mtungi na kushuka kwa skii mpaka kambi ya chini, na alipofika Khumbu, penye nyufa zinazoweza kumeza nyumba, Bartek alikuwa juu yake na droni akimwelekeza pa kupita. Picha za siku ile ni nzuri kupindukia. Ila mimi nikizitazama naona kwanza jicho la mdogo mtu linamchunga kaka yake, uzuri unafuata baadaye.

Halafu kuna K2 ya tarehe 27 Julai 2023. Hii sipendi kuiandika lakini siwezi kuiruka.

Muhammad Hassan, Mpakistani wa miaka 27, baba wa watoto watatu, alikuwa mpagazi wa milima mirefu. Watu waliozungumza na familia yake baadaye walisema alichukua kazi ile ili apate hela za matibabu ya mama yake, mgonjwa wa kisukari. Akaanguka pale panapoitwa Bottleneck, zaidi ya mita 8,000, njia nyembamba ukingoni mwa ukuta wa barafu. Hapakuwa na pa kupishana. Siku ile watu zaidi ya mia walikuwa wanaelekea kileleni. Waaustria wawili, Wilhelm Steindl na Philip Flämig, walikuwa wamegeuza kwa sababu ya hatari, na Flämig alikuwa amerusha droni. Walipokuja kuitazama video, wakaona kitu ambacho hawakukitafuta: mtu amelala njiani, bado hai, na mstari wa watu unamruka kwenda juu.

Dunia ikachafuka. Baadhi ya waliokuwepo walijitetea kwamba walikaa naye kwa saa kadhaa wakijaribu kumsaidia, na kwamba mahali pale kumshusha mtu ni kazi isiyowezekana. Inawezekana. Sijafika mita 8,000 na sitajifanya hakimu wa walio na theluthi ya pumzi. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: bila ile droni, Hassan angekuwa mstari mmoja kwenye taarifa. Mpagazi mmoja amefariki, basi, msafara umefanikiwa. Mashine iliyopelekwa kupiga picha za ushindi ilirudi na mpagazi katikati ya picha, na safari hii hakukuwa na mtu wa kusema subirini apite. Mwaka uliofuata Naila Kiani na wapandaji wenzake wa Pakistani walipanda wakaushusha mwili wake, wakaurudisha kwa watu wake.

Nisije nikaonekana naisifia kama mganga wa kila ugonjwa. Mwaka 2019 timu ya National Geographic ilirusha droni upande wa kaskazini wa Everest kumtafuta Andrew Irvine, Mwingereza aliyepotea na mwenzake George Mallory wakielekea kileleni Juni 1924. Picha zikapigwa kwa mamia, Irvine hakupatikana. Septemba 2024 Jimmy Chin, mpandaji na mpiga filamu, na wenzake, wakitembea kwenye barafu ya Rongbuk, wakaona kiatu cha zamani kimetokeza. Ndani mna mguu, na soksi yenye kitambaa kilichoshonwa jina A.C. IRVINE. Miguu ndiyo iliyoukuta mguu.

Lakini kitu kinachoibadilisha Everest sasa hivi si droni ya picha kabisa, na ajabu ndicho kinachozungumzwa kidogo. Kati ya kambi ya chini na kambi ya kwanza yapo hayo maporomoko ya Khumbu, mto wa barafu unaotembea kila siku, na vipande vyake vikubwa kama ghorofa vinaanguka vinapotaka. Mteja anapita pale mara chache. Masherpa wanaopandisha mahema, vyakula na mitungi ya oksijeni wanapita tena na tena, wengi wao usiku barafu ikiwa imekaza. (Sherpa ni kabila, kama Mchaga. Si kila Sherpa ni mpagazi, wala si kila mpagazi wa Nepal ni Sherpa.) Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka pale ikaua watu 16, wote Wanepali, wote kazini. Serikali ikatangaza rambirambi ya awali ya rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400 hivi, na Masherpa wakawaka, msimu ukafungwa. Tarehe 12 Aprili 2023 wakafukiwa watatu wengine palepale, wakipeleka mizigo.

Aprili 2024 DJI walifanya majaribio na droni ya mizigo, FlyCart 30, kati ya kambi hizo mbili. Ilibeba kilo 15 kwenye kimo cha mita 6,000, mitungi mitatu ya oksijeni kwa safari moja, ikarudi na takataka. Kwenda na kurudi, dakika 12. Njia hiyohiyo Sherpa huitembea kwa saa sita hadi nane. Msimu wa 2025 kampuni ya Airlift ya Kathmandu ikaanza kuwapelekea ngazi na kamba wale wanaotengeneza njia ndani ya Khumbu, watu wanaoitwa madaktari wa barafu. Zamani akisahau kamba moja, alishuka kuifuata.

Hii ndiyo droni ninayoitaka mlimani. Sina haja ya machweo mengine. Nataka ibebe, na ikipiga picha ipige wanaobeba.

Lipo la mshahara, najua. Malipo ya Sherpa yanategemea pia mizigo aliyopandisha, na mashine ikipunguza safari inapunguza na bahasha. Wapo watakaosema afadhali bahasha nyembamba kuliko mjane, na ni kweli, ila ni rahisi kulisema hilo ukiwa hulipi ada ya shule Namche, mji wa Masherpa. Nepal imepandisha kibali cha Everest kutoka dola 11,000 hadi 15,000 kuanzia Septemba 2025. Pesa za kumlipa mtu vizuri kwa safari tatu badala ya kumi zipo. Na ile rimoti haina ugumu wa ajabu. Mimi nilijifunza kwa wiki mbili kwenye uwanja wa mpira. Kijana wa Khumbu anayeusoma upepo wa kwao tangu utotoni atanishinda kwa siku mbili.

Jumapili nilirudi kwa mjomba na video ya pili, hiyo ya mizigo. Shikamoo, marahaba, nikamkalisha kivulini. Safari hii alivaa miwani. Droni ikanyanyuka, mzigo unaning'inia kwa waya chini yake, ukayumba kidogo, ukatulia, ukaenda zake juu ya barafu.

"Kilo ngapi hizo?"

"Kumi na tano, mjomba."

"Sisi ni ishirini," akasema, na nikaona mgongo umenyooka kidogo. Akaendelea kutazama. "Na tipu yake anachukua nani?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia nirudishe mwanzo, anataka kuona wanavyoufunga ule mzigo.