CT ikiwa safi, kichwa kimepata jibu?

Kuna maumivu ya kichwa ambayo mgonjwa hukumbuka hata alichokuwa ameshika yalipoanza: ndoo, sufuria, mtoto. Hupasuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja. Daktari huwaza kwanza damu iliyovuja kuzunguka ubongo, na kwa hilo CT scan, picha ya eksirei inayopiga kichwa vipande vipande, ni kipimo kizuri mno. Utafiti wa Kanada wa 2011, ulioongozwa na Jeffrey Perry kwa wagonjwa 3,132, ulionyesha kuwa CT ya kisasa iliyopigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze ilimnasa kila mwenye damu hiyo. Kwa waliochelewa, baadhi walipita bila kuonekana.

Wanaosema CT inatosha wana hoja nzito. Ukimpiga kila mtu picha ya mishipa, takriban watu wazima 3 kati ya 100 watakutwa na mshipa uliotuna ambao haujawahi kuwasumbua, nao watarudi nyumbani na hofu ya miaka. MRI nayo, yaani picha ya kutumia sumaku, kwa asiye na bima, ni kuuza kitu cha ndani.

Lakini mfikirie mama aliyejifungua siku 10 zilizopita. Kichwa kimempasuka akinyonyesha, CT imesomeka safi, anapewa panadoli na kuambiwa ni uchovu wa uzazi. Hicho ndicho kipindi ambacho damu huganda kwa urahisi zaidi, na donge likiziba vena ya ubongo, mshipa unaotoa damu kichwani kurudi moyoni, CT ya kawaida inaweza isionyeshe kitu. Akipigwa picha ya vena na donge likaonekana, ataanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, tiba ambayo haianzwi kwa kubahatisha. Uzazi huweza pia kuikaza kwa muda mishipa ya ateri, ile inayopeleka damu kichwani. Hapo hata picha ya mishipa huweza kuwa safi wiki ya kwanza, tatizo likaonekana ikirudiwa.

Kwa hiyo siungi mkono MRI kwa kila kichwa kinachouma. Naumia zaidi nikiona fomu ya kipimo imeandikwa "maumivu ya kichwa", basi. Ingeandikwa "yameanza ghafla, amejifungua siku 10", msomaji wa picha angejua atazame vena, na hata hospitali isiyo na MRI ingeweza kumchoma dawa ya kung'arisha mishipa na kurudia CT ileile, siku hiyohiyo, kabla mama hajaanza kupata degedege.