Ubingwa Uliopotelea Uwanja wa Wengine

Binamu yangu wa Nairobi hunipigia simu Jumapili. Akinipata uwanjani kwenye kriketi mwezi wa Aprili, swali lake ni lile lile: "Bado mnacheza ile mechi ya juzi?" Namjibu ndiyo, ni ile ile, ilianza Ijumaa, itaisha kesho, na huenda isipate mshindi. Hapo hucheka mpaka anakohoa. Yeye ni Gor Mahia, amezoea makombe. Mimi nimezaliwa na baba wa AFC Leopards, wale wanaoitwa Ingwe, na Ingwe haijabeba ligi tangu 1998. Kwa hiyo nilipohamia Taunton, Uingereza, na kuambiwa kwamba timu ya hapa, Somerset, iliingia kwenye Ubingwa wa Kaunti, ligi kuu ya kriketi ya huku, mwaka 1891 na haijautwaa hata mara moja, sikushtuka. Nilijiona nimefika nyumbani.

Kriketi yenyewe sikuijulia Uingereza. Nilikulia Ngara, karibu na uwanja wa Gymkhana, na Februari 2003 nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele mpaka sauti zikakauka siku Collins Obuya alipoangusha wiketi 5 za Sri Lanka, yaani alipowatoa wapigaji wao watano, katika Kombe la Dunia. Mwaka huo huo tukasikia kijana amechukuliwa na kaunti ya Warwickshire. Wakati huo kaunti tuliyoijua sisi ni kaunti kanso, wale wa kukusanya ushuru sokoni. Jirani yetu mmoja aliuliza kwa dhati kabisa kama Collins atakuwa karani au askari wa kaunti.

Sasa kwa wasiojua: kaunti ziko 18, zimegawanywa katika madaraja mawili tangu mwaka 2000. Kila timu hucheza mechi 14, na kila mechi ni siku 4; muda ukiisha kabla timu moja haijamalizwa, ni sare. Ukishinda unapata pointi, lakini kuna pointi za ziada kwa mikimbio na wiketi za mwanzo, na mvua nayo ina kura yake. Ndiyo maana timu inaweza kukosa ubingwa kwa sababu ya mpira uliorushwa mji mwingine kabisa. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo linalonirudisha kila mwaka.

Somerset imemaliza ya pili mara 6: 2001, 2010, 2012, 2016, 2018 na 2019. Ule wa 2010 nilikuwa mgeni, hata mahesabu ya pointi sikuyaelewa. Sisi tulikuwa Durham, wapinzani wetu wa ubingwa, Nottinghamshire, wako Manchester na mvua imewala siku mbili tatu. Walihitaji wiketi 3 tu kupata pointi ya ziada, wakazipata. Tukalingana pointi 214 kwa 214, wakachukua wao kwa sababu wameshinda mechi 7, sisi 6. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumepoteza fainali ya ova 20 (ova moja ni mipira 6) kwa Hampshire, nako tumelingana mikimbio 173 kwa 173, wakachukua wao kwa kupoteza wiketi chache. Kwenye mpira wa mwisho, mpigaji wao aliyekuwa ameumia na amewekewa mtu wa kumkimbilia alijisahau akakimbia mwenyewe. Kwa sheria tungeweza kumtoa. Hakuna mchezaji wetu aliyelikumbuka. Ingwe kabisa.

Lakini kidonda changu ni cha 2016.

Tulikuwa tumeifunga Nottinghamshire kwa mikimbio 325 ndani ya siku 3. Chris Rogers, kapteni wetu, alikuwa amefikisha mikimbio mia moja mara mbili katika mechi hiyo hiyo, ya mwisho kwake. Alhamisi kazi yetu ikaisha. Ijumaa tulichobakiwa nacho ni kutazama runinga: Middlesex na Yorkshire wanacheza Lord's, uwanja wa London, na wakitoka sare, ubingwa ni wetu. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nililala kwa saa mbili tu, nikaoga, nikaenda uwanjani kutazama mechi isiyochezwa pale. Tulikuwa wengi. Wachezaji wetu nao walikuwepo, wamevaa nguo za nyumbani kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali.

Nilikaa na mama mmoja mstaafu ambaye huwa tunapakana viti. Kina mama wa huku humwita kila mtu "mpenzi wangu", hata dereva wa basi. Mara ya kwanza aliponiita hivyo niligeuka nyuma kuona anayeitwa ni nani. Huyu mama anaandika kila mpira katika daftari kubwa, nukta kwa nukta, kwa penseli za rangi, kila mrushaji na rangi yake. Siku ile alikuwa amefungua ukurasa mpya, akawa anaandika mechi ya Lord's kutoka kwenye skrini. Nilimuuliza kwa nini, mbona si yetu. Akasema ni yetu sana.

Baada ya chakula cha mchana mambo yakabadilika. Sare ilikuwa haimfai Middlesex wala Yorkshire, wote wawili walihitaji ushindi. Makapteni wakaelewana. Yorkshire wakaanza kuwarushia wenzao mipira laini, ile ya kumfundishia mtoto, Middlesex wakajizolea mikimbio kwa haraka wakafunga zamu yao ya kupiga, na Yorkshire wakaachiwa kutafuta mikimbio 240 katika ova 40. Rangi mbili tu zikawa zinajaa kwenye daftari la jirani yangu, mstari baada ya mstari wa nne-nne, yaani mikimbio minne kwa pigo moja. Watu wakaanza kunung'unika. Hila, walisema. Wizi.

Mimi sikuona wizi, na bado sioni. Ningekuwa kapteni ningefanya vile vile. Ubingwa uko mbele yako, sare haikupi kitu, utakaa ukimlindia mtu aliyeko Taunton anakunywa chai? Nililisema hilo kwa sauti, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu hakunisalimia mpaka mwaka uliofuata. Ila kukubali kwamba wana haki hakukunipunguzia maumivu. Kulinizidishia, maana hata mtu wa kumkasirikia sikubaki naye.

Yorkshire waliikaribia kwa muda, kisha wiketi zikaanza kudondoka. Mwisho akaja Toby Roland-Jones akaangusha 3 kwa mipira 3 mfululizo. Yorkshire 178, wote nje. Middlesex mabingwa kwa mikimbio 61. Nilimtazama mama yule mkono. Aliandika alama tatu za wiketi zikifuatana, akapiga mistari miwili chini yake kwa rula, akapuliza vumbi la penseli, akafunga daftari. Kisha akaniambia, "Mpenzi wangu, utakunywa chai?"

Kuna wanaoniambia nimekuwa mchoyo wa shukrani. Wanasema: lakini si tuna makombe? Tunayo. Zama za magwiji Viv Richards, Joel Garner na Ian Botham, kuanzia 1979 hadi 1983, klabu ilibeba makombe 5 ya siku moja. Ova 20 tumechukua 2005, 2023 na 2025. Ile ya 2025 niliitazama kwa simu nikiwa kazini. Will Smeed alipiga 94 tukaifunga Hampshire, nikaruka mpaka bibi mmoja wa chumba cha pili akadhani moto umewaka.

Na hapo hapo ndipo shida yangu ilipo. Smeed ni kijana wetu, na anapoupiga mpira unasikika kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mwaka 2022 aliacha kabisa mpira mwekundu, ule wa mechi za siku 4, kabla ya kucheza hata mechi moja ya aina hiyo. Mwaka ule ule alikuwa mtu wa kwanza kufikisha mikimbio mia kwenye yale mashindano ambayo kila timu hupiga mipira 100 tu, akiwa na jezi ya Birmingham, kwa sababu Somerset haina timu huko. Timu ziko 8, zote za miji mikubwa. Simlaumu kijana, ana tumbo la kulisha. Ninalaumu ratiba. Agosti, jua likiwa limetoka na watoto wamefunga shule, mipira 100 ndiyo bwana mkubwa. Sisi tunabaki na kombe la siku moja huku vijana wetu bora wamekwenda kuvaa rangi za wengine. Mechi za siku 4 zimesukumwa huko mwanzoni na huko mwishoni, Aprili na Septemba, wakati mdaka anapuliza vidole visigande. Halafu mtu anasimama na kusema kriketi ya siku 4 haina watazamaji. Weka harusi Jumanne asubuhi kwenye mvua, uone wageni watakuja wangapi.

Na bado watu huja. Septemba 2024 Surrey walikuja Taunton wakiwa mabingwa wa misimu miwili mfululizo. Siku ya nne, Alhamisi, walihitaji mikimbio 221 na walikuwa wametulia. Kila mtu alijua ni sare. Kisha pichi, ule ukanda mpira unapodundia, ikaanza kugeuza mpira. Pichi ya hapa ina sifa mbaya hiyo, watu huuita uwanja "Ciderabad", wakichanganya "cider", pombe ya matufaa ya huku, na Hyderabad ya India, ambako nako mpira hugeuka. Wakawa wanarusha Jack Leach upande mmoja, Archie Vaughan wa miaka 18 upande mwingine, huyo kijana akamaliza mechi na wiketi 11. Zilipobaki dakika chache, wadaka wote walikuwa wamemzunguka mpigaji wa mwisho, nyuma hakuna mtu hata mmoja, kama watu waliozunguka sufuria ya pilau. Leach akarusha, ukampiga mguuni, uwanja mzima ukapaza sauti, mkono wa refa ukapanda: nje. Surrey 109, wote nje. Nilikumbatiwa na mzee yule yule wa 2016.

Siku mbili baadaye tukapoteza fainali ya ova 20 kwa jirani zetu Gloucestershire. Wiki iliyofuata tukapoteza fainali ya siku moja kwa Glamorgan. Ubingwa ukabaki kwa hao hao Surrey, sisi tukamaliza wa tatu. Ukiniuliza kipi nakikumbuka zaidi cha mwezi ule, ni kile cha Alhamisi, na hakikutupa kombe lolote.

Binamu yangu anasema nimerogwa. Huenda. Ila namkumbusha 2019, Marcus Trescothick, mtoto wa hapa hapa, alipostaafu baada ya misimu 27 ya Somerset. Mechi ya mwisho, Essex wako Taunton, tukishinda ubingwa ni wetu, na mvua ikanyesha siku baada ya siku. Ilipokuwa wazi kwamba ni sare na kombe linakwenda Essex, Trescothick, ambaye hata hakupangwa, aliingizwa dakika za mwisho akasimame tu kudaka. Mpira haukumfuata. Hata Essex, wanaochukua ubingwa wetu, walimpigia makofi. Mama wa daftari aliandika jina lake pembeni kwa penseli nyekundu, ambayo haikuwa rangi ya mrushaji yeyote.

Nimeshabadilishana zamu za wiki ya mwisho ya Septemba, zote nne. Msimamizi wangu aliangalia karatasi akaniuliza kama kuna harusi.

Nikamwambia huenda ikawepo.